Waya Mmoja, Sauti Nyingi

Hotuba juu ya kuunganishwa kwa simu na redio katika nchi yetu, iliyosomwa na mfasiri wa Serikali mbele ya wananchi wa Kilungu. Twaichapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Mimi si fundi wa mitambo. Kazi yangu ni kufasiri. Mfasiri hupokea neno kutoka kwa mtu mmoja akalifikisha kwa mwingine, na sharti lake ni moja tu, kwamba neno lisiharibike njiani. Kazi ya simu na redio ni hiyo hiyo. Basi nimeombwa niwaeleze jinsi Serikali mbalimbali zilivyojaribu, kwa muda wa zaidi ya miaka mia, kuziunganisha huduma hizi ziwe kitu kimoja. Mahali zilipofaulu, mahali ziliposhindwa, na faida gani sisi wa milimani tumeipata.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Neno "simu" limetoka katika lugha ya Kiajemi, na maana yake ya asili ni waya. Wazee waliposema "nimepeleka simu" hawakuwa na maana ya kuzungumza kwa mdomo. Walikuwa na maana ya telegramu, maneno machache yaliyopita juu ya waya kwa alama za kugonga. Redio ilipokuja, watu waliiita "simu ya upepo", yaani waya usio na waya. Leo kijana wa Nunguni ana simu mfukoni isiyo na waya wowote, na bado twaiita simu. Hivyo jina limeyaunganisha mambo haya tangu zamani. Walakini katika utawala na katika sheria, kuyaunganisha imekuwa kazi ngumu.

KARATASI YA SUSU

Kabla sijaingia katika historia, niruhusuni niwasimulie jambo la nyumba yetu, ili mfahamu kwa nini habari hizi hazikauki moyoni mwangu.

Susu yangu, aliyemzaa baba, alikuwa na kopo la bati ambamo aliweka vitu vya thamani. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja ya telegramu. Mwanawe wa kwanza, ambaye ni baba yangu mkubwa, alikuwa akifanya kazi Mombasa akashikwa na ugonjwa. Wenzake walichanga fedha wakapeleka simu ya maneno machache: mwanao mgonjwa sana, njoo upesi. Nimeisoma karatasi ile kwa macho yangu. Imeandikwa saa ya kupelekwa kutoka Mombasa, na saa ya kupokewa katika ofisi iliyo chini ya milima hii, ambayo sitaitaja jina. Kati ya saa hizo mbili hazikupita saa tatu. Maneno yale yalivuka nyika, yakapita Voi na Mtito Andei, zaidi ya maili 200, kwa muda mfupi kuliko ule anaotumia mtu kupanda kutoka reli hadi hapa tuliposimama.

Kisha karatasi ililala mezani siku tano. Hapakuwa na mtu wa kuipandisha mlimani. Siku ya soko mvulana mmoja wa upande wetu aliteremka kununua chumvi na mafuta ya taa, akakabidhiwa. Susu hakujua kusoma; alimwendea mwalimu, mwalimu akamsomea. Usiku ule ule akaenda kutafuta basi. Alipofika Mombasa alionyeshwa kaburi la siku mbili.

Siwasimulii haya ili nimlaumu karani yeyote. Nawasimulia kwa sababu katika mambo yote nitakayoyasema leo, nataka mwulize swali ambalo susu angeliuliza: Wakubwa wameunganisha, vema, je, neno limefika?

JINSI WAYA ULIVYOKUJA

Waya wa kwanza mkubwa wa pwani yetu haukupita juu ya nchi bali chini ya bahari. Mnamo mwaka 1879 Waingereza walipigana na Wazulu kusini mwa Afrika, na jeshi lao likashindwa vibaya huko Isandlwana. Habari hiyo ilichukua karibu majuma matatu kufika London, maana waya haukuwako. Katika mwaka ule ule kampuni moja ya Kiingereza ikalaza waya kutoka Aden hadi Unguja, Msumbiji na Durban. Mwaka 1890 waya mwingine ulitoka Unguja ukafika Mombasa.

Mwaka 1896 ikaanza kujengwa reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa la Victoria. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na ikafika ziwani mwisho wa mwaka 1901. Nguzo za simu zilikwenda pamoja na mataruma, kwa sababu gari la moshi haliwezi kuendeshwa salama juu ya njia moja bila stesheni kuarifiana. Ndivyo waya ulivyofika chini ya milima yetu. Sultan Hamud ilipewa jina la Sultani Hamoud wa Unguja, aliyetawala hadi mwaka 1902. Jirani yake ni Kima, ambapo mwaka 1900 simba aliingia ndani ya behewa akamwua Bwana Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli. Fikirini basi hali ya makarani wa simu wa siku zile, wengi wao wakiwa watu waliotoka Bara Hindi, wamekaa katika vibanda vya bati, usiku, wakigonga alama zao huku simba wakinguruma nje.

Wala si watu wote walioufurahia waya. Katika nchi ya Wanandi ulikatwa mara nyingi, vipande vikafanywa mapambo. Wengi wameandika kwamba huo ulikuwa wizi tu. Lakini na tuseme kweli: hakuna aliyewauliza wenye nchi kama wapenda nguzo zipite katika malisho yao. Huduma ambayo mtu hakushauriwa, wala haimfikishii neno lake mwenyewe, huonekana kwake kuwa shaba iliyotundikwa hewani.

WENYE WAYA WALIKUWA WENGI

Sasa tazameni shida iliyotokea. Waya wa baharini ulikuwa mali ya kampuni ya watu binafsi. Waya wa bara ulikuwa wa reli na wa posta. Neno lililotoka London kwenda Kampala lilipita katika mikono mbalimbali, na kila mkono ulidai ujira wake. Upande wa kusini, Wadachi walikuwa na posta na nyaya zao katika nchi yao ya Tanganyika, na walipoingia vitani na Waingereza mwezi wa Agosti 1914, mojawapo ya mambo ya kwanza kufanywa ilikuwa manowari ya Kiingereza kuipiga kwa mizinga stesheni ya simu ya upepo ya Dar es Salaam. Vita vikubwa hutufundisha thamani ya vitu: ukitaka kumshinda adui, kwanza mzuie asisemezane na wenzake.

Hatua za kuunganisha zilianza mapema. Kuanzia mwaka 1903 Kenya, iliyokuwa ikiitwa Himaya ya Afrika Mashariki, na Uganda zilitumia stempu za pamoja. Mwaka 1933 Tanganyika ikaingia, na ikawa idara moja ya Posta na Simu kwa nchi tatu. Mwaka 1935 zikatoka stempu zenye majina matatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, juu ya kipande kimoja cha karatasi. Unguja ilibaki na posta yake. Mwaka 1948 idara hiyo iliwekwa chini ya Halmashauri Kuu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1961, uhuru ulipokaribia, ikawa chini ya Shirika la Huduma za Pamoja. Na kwa Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa sahihi Kampala mwaka 1967, likawa Shirika la Posta na Simu lenye makao yake makuu Kampala.

Watu wa Kilungu wataelewa upesi faida ya jambo hilo wakikumbuka mwethya. Mtu mmoja hawezi kulima matuta ya mlima mzima. Hata akiweza, tuta lake halifai kitu kama jirani wa juu hakuchimba lake, maana maji ya mvua yatashuka yatabomoa yote. Watu wa utui hukusanyika, leo kwako, kesho kwangu, mpaka mlima umefungwa mikanda kutoka juu hadi chini. Simu ni hivyo. Waya wa Kenya unaokoma mpakani kwa sababu fundi wa upande wa pili ana kipimo kingine ni kama tuta lililokatizwa katikati ya mteremko.

DUNIA NZIMA ILIKUWA NA SHIDA HIYO

Wala msidhani kwamba ugomvi wa namna hii ulikuwa wetu peke yetu. Mataifa 20 yalikutana Paris mwaka 1865 yakafanya Umoja wa Telegrafu, kwa sababu huko Ulaya makarani walikuwa wakiandika simu juu ya karatasi na kuipitisha mpakani kwa mkono ili igongwe upya upande wa pili. Simu ya upepo ya Bwana Marconi ilipoanza kutumiwa, shida ikarudi. Watu wa kampuni yake waliamriwa wasijibizane na vyombo vilivyotengenezwa na wengine. Mkutano wa Berlin wa mwaka 1906 ulikata shauri kwamba stesheni za pwani na meli zipokee habari bila kujali chombo kimetengenezwa na nani.

Mwaka 1912 meli kubwa ya Titanic iligonga barafu ikazama. Karibu nayo palikuwa na meli nyingine, lakini mwenye simu ya upepo wa meli hiyo alikuwa amezima chombo chake akalala. Zaidi ya watu 1,500 walikufa. Tangu hapo mataifa yakaelewa kwamba simu ya upepo si mali ya kampuni na mteja wake tu. Ni jambo la uhai wa watu, na lazima iwe na kanuni moja kwa wote.

Hatimaye, mwaka 1932, mataifa yalikutana Madrid yakauweka mkataba wa telegrafu na mkataba wa simu ya upepo kuwa mkataba mmoja. Umoja mpya ukaanza kazi tarehe 1 Januari 1934, na ndio unaogawa hata leo njia za mawimbi ya hewani kwa mataifa yote. Nanyi mwapaswa kujua kwamba mwaka 1982 mkutano mkuu wa umoja huo ulifanyika Nairobi.

REDIO ILIFUATA NJIA NYINGINE

Nimesema habari za waya. Redio ya matangazo ilipita njia nyingine, nasi tuitazame kwa uangalifu, maana hapo ndipo penye fundisho kubwa.

Matangazo yalianza Nairobi mwaka 1928, yakiendeshwa na kampuni, kwa lugha ya Kiingereza, hasa kwa ajili ya walowezi waliotamani habari za kwao. Baadaye kazi hiyo ikashikwa na kampuni ya Cable and Wireless, ile ile iliyoshughulika na simu za ng'ambo. Waafrika walianza kukumbukwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa sababu wana wao walikuwa askari Burma na Uhabeshi. Katika askari hao Wakamba walikuwa wengi mno, na wako waliofundishwa kazi ya simu jeshini. Mzee aliyerudi vitani akiwa amejua kugonga alama alikuwa amebeba kichwani elimu ambayo kijijini kwake haikuwa na chombo cha kuitumia.

Mwaka 1953, katika siku za Hali ya Hatari, Serikali ya kikoloni iliweka huduma maalum ya matangazo kwa Waafrika, kwa Kiswahili na lugha nyingine, Kikamba kikiwa mojawapo. Na tuseme wazi sababu yake: Serikali ilitaka sauti yake isikiwe kabla ya sauti ya wapinzani wake. Katika miaka hiyo hiyo Mombasa ikapata stesheni yake, Sauti ya Mvita, na sehemu nyingine za nchi zikapata zao. Kisha mwaka 1959 matangazo yote yakatolewa mikononi mwa kampuni na kuwekwa chini ya idara moja ya Serikali. Mwaka 1961 likaundwa shirika, na mwaka 1964, baada ya uhuru, Serikali ya Kenya ikalichukua na kuliita Sauti ya Kenya. Jina hilo lilidumu mpaka mwaka 1989, lilipokuwa tena Shirika la Utangazaji la Kenya.

Angalieni jambo hili. Nchi tatu zilikubali kuwa na posta moja na simu moja, lakini hazikuwa na redio moja. Tanganyika ilikuwa na Sauti ya Dar es Salaam tangu mwaka 1951. Unguja ilikuwa na yake. Uganda ilianza yake mwaka 1954. Kwa nini? Maana waya hauulizi habari ndani yake ni nini. Neno la mgonjwa, la mfanyabiashara, la mwanafunzi anayeomba karo, yote hupita sawasawa, na huenda kwa yule aliyekusudiwa. Lakini redio ni mdomo. Yeye aliyeushika mdomo huo husema na watu wote kwa wakati mmoja, nao hawawezi kumjibu. Kwa hiyo kila Serikali ilitaka kuushika yenyewe.

HATARI YA MDOMO MMOJA

Tarehe 1 Agosti 1982 tuliona hatari ya jambo hilo. Wanajeshi wa anga walioasi walikwenda alfajiri kuiteka Sauti ya Kenya huko Nairobi. Mtangazaji mashuhuri, Bwana Leonard Mambo Mbotela, alilazimishwa kwa bunduki kutangaza kwamba Serikali imepinduliwa. Watu katika kila pembe ya nchi walisikia tangazo hilo, nao hawakuwa na redio nyingine humu nchini ya kuwaambia kama ni kweli au si kweli. Saa chache baadaye majeshi yaliyokuwa mwaminifu kwa Serikali yakaikomboa stesheni, na mdomo ule ule ukasema kinyume chake. Watu wengi walipoteza maisha siku hiyo.

Ndugu zangu, mdomo mmoja ni rahisi kuutawala. Ni rahisi vilevile kuunyang'anya. Ndiyo maana hatuna budi kuona heri katika mabadiliko yaliyokuja baadaye. Mwaka 1996 redio ya kwanza ya watu binafsi ilianza Nairobi, na baada ya hapo zikafuata stesheni za lugha zetu. Leo mkulima wa Kilungu husikiliza Musyi FM au Mbaitu FM akiwa shambani, na habari za bei ya maharagwe au za mvua humfikia kwa Kikamba, bila kumhitaji mfasiri kama mimi. Kazi yangu imepungua kidogo, nami nashukuru.

WAYA ULIKATIKA TENA

Turudi kwenye simu. Umoja ule wa nchi tatu uliochukua miaka mingi kujengwa ulivunjika mwaka 1977, Jumuiya ilipokufa. Wakubwa walikosana juu ya siasa na juu ya fedha. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya mpaka mwaka 1983. Kila nchi ikaunda shirika lake la posta na simu. Hata hivyo, mabaki ya undugu hayakufutika: kwa miaka mingi mtu wa Kenya aliweza kupiga simu Uganda kwa kuanza na 006 na Tanzania kwa kuanza na 007, nao wakaja Kenya kwa 005, bila kupitia tarakimu za mataifa ya mbali. Ni kama ndugu waliogawana shamba lakini wakaacha kijia kile cha zamani kati ya nyumba zao.

Humu Kenya, mwaka 1982, kampuni ya Serikali iliyoendesha simu za ng'ambo, ambayo kituo chake cha satelaiti cha Longonot kilifunguliwa mwaka 1970, iliunganishwa na Shirika la Posta na Simu. Sasa barua, simu ya ndani, simu ya nje na telegramu zote zilikuwa chini ya paa moja. Wengi walidhani kwamba hapo ndipo mwisho wa safari. Lakini wengine humu mtakumbuka hali ilivyokuwa: mtu aliomba simu ya nyumbani akangoja miaka, na kibanda cha simu kilikuwa kimoja kwa soko zima, nacho mara nyingi hakikufanya kazi. Shirika lililokuwa peke yake halikuwa na mwenzake wa kulitia haraka.

Kwa hiyo sheria ya mwaka 1998 ikabadili mambo, na mwaka 1999 shirika likagawanywa: posta ikawa mbali, simu ikawa Telkom Kenya, na kazi ya kuweka kanuni ikapewa tume ya mawasiliano, ambayo sasa ni Mamlaka ya Mawasiliano. Huo ukawa mgawanyo mbele ya macho, lakini kwa kweli ulikuwa muungano wa namna mpya. Wenye simu waliruhusiwa kuwa wengi. Kanuni ikabaki moja. Na sehemu ya kanuni hiyo ni kwamba mteja wa kampuni hii aweze kumpigia mteja wa kampuni ile.

Tumeona matunda yake. Mwaka 2007 ilianza M-Pesa, na ile hawala ya posta ambayo wazee waliifuata ofisini kwa foleni ikawa jambo la dakika moja. Mwaka 2009 nyaya mpya za baharini zilifika Mombasa, pale pale ulipofikia waya wa mwaka 1890. Mwaka 2011 mtu akaruhusiwa kuhama kampuni bila kubadili namba yake. Mwaka 2018 fedha za simu za kampuni moja zikaweza kupokewa moja kwa moja katika kampuni nyingine. Na mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilipatana kupunguza ada za simu zinazovuka mipaka yao, na hivyo zikaanza kuushona tena ule mshono uliofumuka mwaka 1977.

JE, NENO LIMEFIKA?

Sasa narudi kwenye swali la susu.

Katika historia yote hii naona mambo mawili ambayo hayafai kuchanganywa. Lipo jambo la kuunganisha njia: kipimo kiwe kimoja, kanuni iwe moja, neno la mtu lisizuiliwe mpakani kwa sababu ya ugomvi wa wenye nguzo. Umoja wa namna hii ni mwema, na kila ulipovunjika, aliyeumia ni mnyonge. Tena lipo jambo la kuunganisha midomo, yaani watu wote wasikie sauti moja tu. Umoja huo hupendwa na watawala, wawe wageni au wenyeji, lakini nchi huulipia. Njia na iwe moja. Sauti na ziwe nyingi.

Na juu ya hayo mawili naongeza la tatu, ambalo vitabu vya historia hulisahau. Waya wa baba yangu mkubwa haukuwa na kasoro. Idara ilikuwa imeunganishwa, mkataba ulikuwa umetiwa sahihi, alama ziligongwa vizuri. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kupanda mlima kutoka stesheni hadi nyumba ya mama mmoja asiyejua kusoma. Safari ya neno haihesabiwi kwa maili 200 za nyika. Huhesabiwa kwa ile maili ya mwisho.

Sheria ya mwaka 2009 iliweka Mfuko wa Huduma kwa Wote, ambao makampuni ya mawasiliano huuchangia, ili minara ijengwe mahali ambapo faida ni ndogo lakini watu wapo. Jambo hili ni letu. Watu wa mabonde mnajua ni mahali gani mtu hulazimika kupanda juu ya jiwe na kuinua simu yake hewani ndipo asikie. Msinyamaze. Chifu anapoita baraza, na wawakilishi wenu wanapokuja kuuliza mnataka nini, tajeni mabonde hayo kwa majina, mmoja mmoja. Serikali haiwezi kusikia bonde ambalo halina sauti.

Na ninyi vijana mlio na simu nzuri mikononi, kumbukeni kwamba katika kila nyumba yupo bado mzee ambaye herufi ni ndogo mno kwa macho yake, au ambaye hakupata kusoma. Habari ikimfikia katika simu, hiyo bado haijamfikia yeye. Msomee siku ile ile. Usingoje siku ya soko.

Susu alifariki akiwa mzee sana. Katika siku zake za mwisho mjukuu mmoja alimwekea simu sikioni, akasemezana na binti yake aliyekuwa Mombasa, wakacheka pamoja kwa muda. Alipomaliza aliniuliza waya uko wapi. Nikamwambia hakuna waya. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nimletee lile kopo. Akaitoa karatasi, akaitazama, akairudisha ndani na kufunga kifuniko.